Nani Anasema "Tunauza"? Uhakiki wa Kurasa za Maduka Madogo ya Kisinga na Bwera

Katika somo la ushairi tulifundishwa kuwatenganisha watu watatu: mwandishi aliyeshika kalamu, nafsineni anayesema ndani ya shairi, na nafsinenewa anayesemeshwa. Mwalimu wetu alikuwa akikata alama kwa kila mwanafunzi aliyeandika "mshairi analalamika" mahali alipopaswa kuandika "nafsineni analalamika". Mwaka wa kwanza niliona utengano huo ni mambo ya mtihani tu. Sikujua kwamba siku moja ungemgharimu mama yangu mdogo shilingi 180,000, na kwamba mwandishi mwenye kosa ningekuwa mimi.

Makala hii inahakiki kurasa za mitandao ya kijamii za maduka madogo ya kwetu Kisinga na Bwera, wilayani Kasese, hasa zile ambazo mwenye duka hazishiki mwenyewe, bali amemlipa mtu mwingine azishike. Watu hao huku tunawaita maadmini. Wengine huandika matangazo tu; wengine hupewa pia hesabu za stoo, orodha ya wateja na kazi ya kuwakumbusha wenye madeni. Najua baadhi ya wenzangu watauliza kama tangazo la mchele linastahili uhakiki. Sidai kwamba ni fasihi. Nadai kwamba ni matini inayosomwa kwetu kila siku, pengine kuliko riwaya zote za orodha yetu ya kozi, na kwamba mtu akiisoma vibaya anapoteza fedha, jambo ambalo halijawahi kumpata msomaji wa riwaya.

Katika Afrika Mashariki kazi za kompyuta zinazofanywa na watu wa mbali huzungumzwa kwa mizani ya makampuni makubwa. Tumesikia habari za vijana wa Nairobi waliochuja picha na maneno ya Facebook kwa niaba ya Wamarekani, na kesi iliyofunguliwa huko Kenya mwaka 2022. Upande mdogo wa jambo hilo, yaani duka la Kisinga kumpa mtu wa Kampala sauti yake, haujaandikwa sana. Ndiyo maana nauandika, tena kwa kuwa nilikuwa ndani yake.

Mama mdogo ana duka la jumla na rejareja: mchele, maharage, unga wa mahindi, sukari, chumvi, sabuni, samaki wakavu. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya soko hapati hata nafasi ya kunywa chai. Madeni yote huandikwa katika daftari moja lenye jalada lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na daftari hilo halitoki chini ya kaunta. Mwaka 2023 alikuja kijana nadhifu wa kampuni moja ndogo ya Kampala akamwambia kwamba kwa shilingi 150,000 kwa mwezi atapata ukurasa wa Facebook, WhatsApp ya biashara, hesabu za stoo kwenye jedwali, na ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa. Mama mdogo alikubali kwa miezi mitatu. Simlaumu. Mtu anayesimama saa kumi na nne kwa siku akiambiwa kwamba kuna mkono wa ziada, anaushika.

Nianze na ukurasa wa Facebook, kwa sababu ndio matini iliyonikera kwanza. Uliandikwa wote kwa Kiingereza. Kila Jumatatu kulikuwa na salamu ya kuwatakia wapendwa wateja wiki yenye mafanikio, chini yake picha ya duka kubwa lenye rafu za kioo na mwanamke wa Kizungu akisukuma kitoroli. Kila Ijumaa palikuwa na maneno ya kutia moyo kuhusu ndoto na juhudi. Katikati ya wiki: bidhaa bora, huduma bora, wasiliana nasi kwa bei. Nilizisoma posti za miezi miwili mfululizo na sikuona neno moja ambalo lisingeweza kuwekwa kwenye ukurasa wa saluni, wa duka la matairi au wa shule ya chekechea. Hapakuwa na mchele wala vumbi la Kisinga. Hata jina la mji liliandikwa mara moja tu, tena kwenye anwani.

Nafsineni wa posti hizo ni "sisi". Sisi tunajali. Sisi tutakufikishia mzigo bila malipo. Hapo ndipo uhakiki unapogusa mfuko. Katika shairi nafsineni akiahidi kuvuka bahari kwa ajili ya mpenzi, hakuna anayemfuata mshairi nyumbani akamdai nauli. Katika ukurasa wa duka, anayeahidi ni mwandishi aliye Kampala, na anayedaiwa ni mama mmoja aliye nyuma ya kaunta Kisinga. Mteja wa juu mlimani alisoma, au alisomewa na mtoto wake, kwamba mzigo unafikishwa bure. Akapiga simu, akaagiza kilo ishirini za unga, akasubiri. Mama mdogo hakujua ahadi hiyo ilikuwepo. Alimlipa bodaboda kutoka mfukoni, kwa sababu, alisema, "neno limetoka dukani kwangu." Nimelirudia neno lake hilo mara nyingi tangu siku ile. Kwake nafsineni na mwenye duka ni mtu mmoja, na mwandishi hana habari naye.

Kosa la pili la ukurasa ule ni nafsinenewa. Uliandikiwa nani? Siku ya 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Rais alitangaza kwamba Facebook imefungwa nchini Uganda, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti ilizosema ni za uongo na zina uhusiano na wizara ya serikali. Siku iliyofuata intaneti yote ilizimwa, ikarudi tarehe 18. Mitandao mingine ilifunguliwa baadaye, Facebook haikufunguliwa. Tangu hapo anayetaka kuingia hutumia VPN, ambayo hula bando na kuufanya mtandao uamini kwamba yuko nchi nyingine. Mwenye duka jirani na mama mdogo hawezi kuuona ukurasa huo bila kuhangaika.

Lakini ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kasindi, katika Kongo, Facebook haikufungwa na serikali ya Uganda, kwa kuwa serikali ya Uganda haitawali huko. Yaani ukurasa wa duka la Kisinga unasomeka kwa urahisi zaidi na mfanyabiashara wa Kasindi, Beni au Butembo kuliko na mtu aliyesimama mbele ya duka lenyewe. Msomaji wake wa asili ni Mkongo. Na Mkongo huyo hasomi Kiingereza. Anasoma Kifaransa kama alienda shule, anasema Kinande, ambacho sisi wasema Lhukonzo tunakisikia bila mkalimani, na biashara yake yote anaifanya kwa Kiswahili. Admini wa Kampala alimwandikia mtu wa Kampala, ambaye kwanza hawezi kuingia bila VPN, pili hatasafiri siku nzima kuja kununua sukari Kisinga.

Niliyaandika haya, kwa maneno makali zaidi, katika kazi ya darasa mwaka ule. Nilipata alama nzuri. Nilimaliza kwa kusema kwamba dawa ni Kiswahili: Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri lilikikubali tena Julai 2022, Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo, basi maduka ya mpakani yaandike Kiswahili. Mkataba wa miezi mitatu ulipokwisha, mama mdogo hakuuongeza, akaniambia, "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma Kiswahili? Shika hiyo simu." Nikawa admini. Bila malipo, isipokuwa bando na wakati mwingine kilo ya mchele ya kurudi nayo chuoni.

Kwa kuwa ukurasa wa Facebook ulikuwa umefunguliwa kwa akaunti ya kijana yule, ulibaki kwake. Hilo watu wengi hawalijui: ukurasa haufuati jina la duka, unafuata akaunti iliyopewa mamlaka juu yake. Tuliomba tukabidhiwe, tukaambiwa mhusika ameacha kazi. Basi nikaanza upya na WhatsApp ya biashara kwa namba ya mama mdogo mwenyewe. Programu hiyo, iliyotoka mwaka 2018, ina mambo mazuri kwa mtu mwenye duka dogo: katalogi ya picha na bei, saa za kufungua, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, na simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine, hivyo niliweza kujibu wateja nikiwa chuoni huku mama mdogo akiwa Kisinga. Niliona fahari. Niliandika salamu kwa Kiswahili safi, nikaweka viambishi vyote mahali pake, na kwenye statasi nikaandika: "Tunauza maharage mazuri kwa bei nafuu. Karibuni."

Siku mbili baadaye ikaja sauti ya papa mmoja wa Kasindi. Alisalimia kwa heshima, akauliza, "Munauza maharagi ngapi kilo? Ni ya mifuko munane." Nilifurahi. Mteja wa magunia manane ndani ya wiki ya kwanza! Nilimjibu kwa maandishi kwamba tunauza kilo kwa shilingi 4,000. Akasema vizuri, kesho niko huko.

Kesho yake alifika na magunia manane ya maharage juu ya lori dogo.

Wanafunzi wenzangu mnaotoka Tanzania au Kenya huenda hamjaelewa. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, *kuuza* ni kununua. Mtu anayetoa bidhaa ili apate fedha *anauzisha*. Papa yule alikuwa ameniuliza: mnanunua maharage kwa kiasi gani? Nami nikamjibu kwamba tunanunua kwa 4,000, bei ambayo kwa maharage ya jumla ilikuwa nzuri mno, na ndiyo sababu hakubisha hata kidogo. Alikuwa amelipa lori, amelipa wabebaji, amevuka mpaka wa Mpondwe. Na ushahidi ulikuwa kwenye simu, kwa maandishi, kwa jina la duka.

Sikuwepo. Nilisimuliwa. Mama mdogo aliisikiliza ile sauti mara moja akaelewa papo hapo, kwa kuwa amefanya biashara na watu wa ng'ambo tangu kabla sijazaliwa, na kama angeisikia siku iliyotangulia pasingetokea kitu. Walikaa kwenye benchi nje ya duka, wakanywa soda, wakabishana kwa saa nzima, nusu Lhukonzo na Kinande, nusu Kiswahili cha soko. Mwisho alinunua magunia matatu, kilo 300, kwa shilingi 3,600 kilo, ilhali siku zote hununua kwa 3,000 hivi. Hiyo ndiyo 180,000 niliyoitaja. Magunia matano papa aliyapeleka Kasese mjini. Mimi nilipigiwa simu jioni. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Huko shuleni wanawafundisha Kiswahili cha nani?"

Swali hilo nimekuwa nalo tangu siku ile na nitajaribu kulijibu kama mhakiki, si kama mtoto aliyeharibu.

Jibu jepesi ni lile nililowahi kulisikia darasani, kwamba Kiswahili cha Kongo kimeharibika. Silikubali, kwa sababu za kiisimu kabisa. Wanaisimu wa Kibantu huoanisha *uza* yetu na mzizi wa kale wenye maana ya kununua, uliotiwa kiambishi cha kusababisha: kuuza ni kumfanya mtu anunue. Lugha za jirani zetu zimehifadhi jozi hiyo waziwazi. Kiganda kina *okugula* na *okuguza*, Kinyankole kina *okugura* na *okuguza*. Msemaji wa lugha za namna hiyo akikikuta Kiswahili njiani, akalisikia *uza*, sikio lake linatafuta jozi. *Uza* inakaa mahali pa kununua, na kwa kuuza anaunda *uzisha*, kwa kanuni ileile tunayoifundishwa katika mofolojia na kuifanyia mazoezi. Papa yule hakukosea sarufi. Mimi ndiye niliyemwandikia bila kujua yeye ni nani, na hilo ni kosa lilelile nililomlaumu kwalo admini wa Kampala na kupata alama nzuri. Yeye alikuwa na Kiingereza cha makampuni, mimi nilikuwa na Kiswahili cha mtihani. Wote wawili tuliandika tukimtazama mtu atakayetupa alama.

Sitaki hata hivyo kuhitimisha kwamba ukurasa wa duka la mpakani uandikwe kwa Kiswahili cha Kongo. Nilijaribu. Wiki iliyofuata niliandika kwamba "tunauzisha bunga na muchele", nikaweka na "bintu bizuri". Mteja mmoja wa Bwera, mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza kama simu ya duka imeibiwa. Tena alikuwa na haki. Kuiga lahaja ya mtu katika tangazo kuna harufu ya mzaha hata kama mwandishi hana nia hiyo.

Hapa nataka nimlete fundi mmoja wa simu wa Bwera, ambaye statasi zake nazifuata kama wengine wanavyofuata tamthilia. Hana admini. Picha zake ni za giza, kidole kimeziba kona. Anaandika sentensi moja yenye Lhukonzo mwanzoni, Kiswahili katikati na neno la Kifaransa mwishoni, kisha bei mbili, moja kwa shilingi na moja kwa dola. Tahajia yake ingemtoa jasho mwalimu yeyote. Lakini soma kwa makini: salamu ya Lhukonzo inawaambia watu wa upande huu kwamba wako nyumbani, jina la kifaa la Kifaransa linamwambia Mkongo kwamba fundi anakijua kifaa chake, na bei iko wazi kwa fedha mbili. Kila neno lina mtu wake. Kwa mizani yangu ni matini bora kuliko zote nilizozisoma kwa ajili ya makala hii, na nafsineni wake anaweza kupatikana kwenye kibanda chake muda wowote ukamuuliza alichomaanisha.

Nimetaja bei wazi kwa sababu kurasa nyingi za huku huficha bei na kumtaka mteja aulize faraghani. Nilidhani ni mtindo ulioletwa na maadmini. Nilipouliza nikaona si hivyo. Wenye maduka wenyewe wanataka iwe hivyo, kwa kuwa kwetu bei inategemea anayeuliza: jirani, mgeni, anayenunua kwa gunia, anayekopa, shemeji. Kuweka bei moja hadharani ni kumnyima mwenye duka lugha yake ya kujuana na watu. Hapo sina msimamo thabiti. Kama mteja napenda bei wazi. Kama mtoto wa mwenye duka naelewa.

Lakini jambo lililoniuma kuliko maharage ni daftari la madeni. Kampuni ile ya Kampala iliomba lipigwe picha kurasa zote, ili majina, namba za simu na kiasi anachodaiwa kila mtu viingizwe kwenye jedwali. Mama mdogo alipiga picha akatuma. Kisha ujumbe ukaanza kujituma wenyewe, kwa Kiingereza, ukimkumbusha mteja mpendwa kwamba deni lake limepitiliza siku kadhaa na kumtaka alipe mara moja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotaka mtu akubali kwanza kabla taarifa zake hazijachukuliwa na kutumiwa. Hakuna hata mmoja wa wadaiwa wale aliyeulizwa. Wala mama mdogo hakujua kwamba kuna cha kuuliza, na admini ambaye ni kazi yake kujua hakumwambia.

Acha sheria. Tazama matini yenyewe. Mama mdogo ana namna ya kudai ambayo nimeisikia tangu utotoni. Anasalimia. Anauliza watoto wameamkaje. Anauliza kahawa imekauka, au mvua imeinyeshea. Anasema yeye naye safari hii amebanwa, mzigo wa sukari haujalipwa. Halafu ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kudai, na mdaiwa anajua, naye anataja siku bila kuaibishwa. Ujumbe wa kompyuta uliifuta salamu, ukaifuta kahawa, ukaufuta ule ukimya, ukabakiza kiasi tu. Mama mmoja aliyekuwa anadaiwa shilingi 60,000 aliupokea akiwa wodini anamuuguza mama yake mzazi. Alituma fedha zote siku ileile kwa simu, na hajakanyaga dukani tena. Kwenye jedwali la admini jina lake lilitiwa rangi ya kijani: amelipa.

Lazima nitende haki. Jedwali hilohilo, upande wa stoo, lilimsaidia mama mdogo kuliko chochote nilichomfanyia mimi. Kijana yule alihesabu magunia, akapanga bei za kununua na za kuuza bega kwa bega, akagundua kwamba sukari ya rejareja ilikuwa inauzwa kwa hasara kwa sababu hakuna aliyehesabu nauli. Mama mdogo alibadilisha kipimo siku hiyohiyo. Hadi leo anaendelea na jedwali lile, analijaza binamu yangu kila Jumapili. Kwa hiyo nikiulizwa kama kazi za ofisi za duka dogo zipewe mtu wa nje, nitajibu kwamba inategemea kazi hiyo ina nafsineni au haina. Kilo za sukari hazisemi na mtu. Tangazo linasema, na deni linasema zaidi ya tangazo. Hapo katikati, ambapo namba ni deni la mtu mwenye jina, ndipo admini alipovuka mstari bila kuuona, kwa kuwa kwenye skrini safu ya sukari na safu ya wadaiwa zinafanana.

Wakulima wa kahawa wa milimani kwetu wamekaa na makarani wa mizani tangu zamani. Karani naye ni mtu wa nje, naye anaandika kwa niaba ya mwingine, na ugomvi haujakosekana. Tofauti ninayoiona ni kwamba mkulima anasimama pale. Anaona mshale wa mizani, anaona kalamu inaandika nini, hata asiyejua kusoma humleta mtoto anayejua. Ukurasa wa duka unaandikwa usiku, mahali pengine, kwa neno la siri ambalo mwenye duka hajapewa.

Siku hizi mimi si admini tena, au ni nusu admini. Napanga katalogi: picha, jina la bidhaa, uzito. Maneno yote yanayomwendea mteja mama mdogo anayasema mwenyewe kwa sauti. Anashika simu karibu na mdomo kama mtu anayenong'ona, anasema maharage yapo, anamtaja mtu kwa jina, anacheka. Kwa wa ng'ambo anasema *uzisha*. Kwa wa hapa anasema Lhukonzo. Kwa mwalimu wa Bwera anajikaza na Kiingereza kidogo. Nimemsikiliza mara nyingi nikijaribu kupata kanuni ya lini anabadili, kwa kuwa nilitaka kuifanya mada ya tasnifu yangu, na bado sijaipata.

Ukurasa wa Kiingereza upo bado. Nikiwasha VPN nauona: yule mwanamke wa Kizungu na kitoroli chake, saa za kufungua ambazo si zetu, na namba ya simu ya kijana aliyeacha kazi. Mwezi uliopita mtu wa Butembo aliandika chini ya picha hiyo akiuliza kama duka lina chumvi. Hakuna aliyemjibu. Nilitaka kumjibu mimi, lakini ningejibu kwa jina langu, naye hanijui.

Kabla ya kuileta makala hii nilimsomea mama mdogo. Alisikiliza huku anafunga mifuko ya sukari ya nusu kilo. Alisema nirekebishe kitu kimoja. Yale magunia matatu aliyauza kwa shule moja ya bweni mwanzoni mwa muhula, bei ikiwa imepanda, na papa wa Kasindi sasa ndiye anayemletea maharage kila mwezi. Anampigia simu, hamwandikii.